Mwezi wako una siku ngapi? Majibu ya barua kuhusu malipo ya kila mwezi

Barua za safari hii ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinalia kilio kimoja: pesa inayokatwa kila mwezi kwa huduma isiyo na siku ya kwisha. Intaneti ya nyumbani, ukumbi wa mazoezi, picha zilizohifadhiwa mtandaoni, hata LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, imo. Kwa msomaji mgeni, kabla ya kushika safu hii nilikaa miaka 14 kwenye dirisha la ankara la kampuni moja ya intaneti hapa Dar es Salaam. Nimeona mtu mzima akitokwa machozi pale dirishani kwa ajili ya siku mbili. Sikumshangaa. Siku mbili za mtu aliyekwisha kulipa ni mali yake, kama ilivyo mali yake kilo ya sukari aliyoilipia dukani.

Nimechagua barua tano.

*

*Shikamoo mama. Naishi Tabata, nina watoto watatu. Januari 2025 niliwekewa intaneti nyumbani, 70,000 kwa mwezi, nikalipa tarehe 1. Mshahara wangu huingia tarehe 28, kwa hiyo tarehe 1 ilinikalia vizuri. Lakini tarehe imekuwa ikirudi nyuma. Septemba na Oktoba nilidaiwa tarehe 28. Novemba na Desemba tarehe 27, mshahara haujaingia, watoto wakakosa intaneti usiku mzima. Nimehesabu risiti za mwaka ule, ziko 13. Mwaka una miezi 12. Nimeibiwa?*

Marahaba mwanangu. Hujaibiwa, ila hukuambiwa, na hilo la kutoambiwa linaniuma.

Mkataba wako hauna mwisho. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba utakoma siku fulani. Utaendelea hadi wewe au kampuni mmoja wenu aseme basi. Sasa, kitu kisicho na mwisho hakilipiki kwa mkupuo, kwa hiyo kinakatwa vipande, kama muuza kanga anavyokata doti kwenye jora. Jora linaendelea, wewe unalipia doti moja baada ya nyingine. Ugomvi wote ninaoujua wa ankara unatokana na urefu wa doti: nani ameupima, na kwa kipimo gani.

Kampuni yako inapima kwa siku 30. Wewe unapima kwa mwezi wa kalenda. Kwenye tangazo wote wawili mnaita "mwezi".

Chukua kalenda ya 2025 tuhesabu pamoja. Doti ya kwanza ilianza Januari 1 ikaisha Januari 30. Ya pili ikaanza Januari 31, ikavuka Februari yote, ikaisha Machi 1. Ya tatu Machi 2. Halafu Aprili 1, Mei 1, Mei 31, Juni 30, Julai 30, Agosti 29, Septemba 28, Oktoba 28, Novemba 27, Desemba 27. Tazama risiti zako: Januari utaona umelipa mara mbili, Mei mara mbili, na Februari hukulipa kabisa. Vipindi 12 vya siku 30 vinafika siku 360. Mwaka una 365. Zile siku 5 zilizobaki ndizo zilizosukuma tarehe yako nyuma, kidogo kidogo, mpaka ikaupita mshahara wako.

Kwa pesa, tofauti si kubwa. Miezi 12 ya kalenda kwa 70,000 ni 840,000. Siku 365 kwa kipimo cha siku 30 ni kama 851,667. Kwa hiyo huduma ile ile inakugharimu takriban 11,700 zaidi kwa mwaka, na risiti ya 13 haikupotea bure, maana imekulipia mpaka Januari 25 ya 2026. Maumivu yako makubwa yako kwenye tarehe. Nyumba inayoendeshwa kwa mshahara ina siku zake: kodi, ada, mchele, luku. Bili inayohamahama inavuruga mpango wote huo, na anayeumia ni yule yule asiye na akiba ya kuziba pengo la siku moja.

Kuna kampuni zinazokwenda mbali zaidi zikapima siku 28. Hapo vipindi 13 ni siku 364, yaani malipo kamili 13 kila mwaka. Italia makampuni ya simu na intaneti yalihamia huko, bei ya kipindi haikuguswa, lakini gharama ya mwaka ikapanda kwa asilimia 8.6 bila mtu kutangaziwa bei mpya. Watu walipiga kelele, na mwisho wa 2017 ikapitishwa sheria kwamba ankara ya huduma hizo ihesabiwe kwa mwezi au mafungu ya miezi. India nako, Januari 2022 mamlaka ya mawasiliano iliagiza kila kampuni ya simu iwe na angalau kifurushi kimoja cha siku 30 na kingine kinachoanza upya tarehe ile ile ya kila mwezi. Nayasema haya ili ujue malalamiko yako si ya mtu mmoja wa Tabata.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Unapolipa mapema, zile siku zako zilizobaki zinakwenda wapi?

Alikuja mwalimu mmoja dirishani kwangu, na daftari la mistari, tarehe zote kwa kalamu ya bluu. Yeye alikuwa mtu wa kuogopa kukatiwa, kila mara alilipa siku 2 kabla. Mfumo wetu wakati ule ulikuwa ukipokea pesa unaanza kuhesabu siku 30 mpya papo hapo, na zile 2 zilizobaki zinafutika. Nikafungua kompyuta, nikalinganisha mstari kwa mstari na daftari lake. Alikuwa sahihi kila mstari. Mwaka mzima alikuwa amepoteza siku 24, kwa sababu tu alikuwa mlipaji mwema. Waliochelewa kulipa hawakupoteza hata siku moja. Nikapeleka kwa mkubwa wangu, akakubali kurudisha za miezi 3 tu. Mwalimu akapewa siku 6, akashukuru, akaondoka. Mpaka leo nikimkumbuka nasikia vibaya.

Basi mwanangu, piga simu huduma kwa wateja uwaulize kwa maneno haya haya: "Kipindi changu cha sasa kimeanza tarehe ngapi, na siku ya mwisho ni ipi? Nikilipa kabla ya siku hiyo, siku zilizobaki zinaongezwa juu ya zile mpya au zinafutwa? Nikichelewa siku 3, kipindi kipya kinaanza siku niliyolipa au siku niliyokatiwa?" Waombe wakujibu kwa meseji. Kisha uwaombe wakuhamishie tarehe iwe 1 ya kila mwezi. Mifumo mingi inaweza: unalipia siku chache za katikati, halafu kipindi kinaanzia pale unapotaka. Wakikukatalia, lipia mapema siku mshahara unapoingia, ila hakikisha kwanza jibu la swali la pili.

*

*Asalaam aleikum Bi. Niko Kisauni, Mombasa. Nalipia nafasi ya kuhifadhi picha mtandaoni kwa kadi ya benki. Nilijiunga tarehe 31 Januari. Februari wakakata tarehe 28. Nikajua basi, tarehe yangu sasa ni 28. Machi 28 nikaweka pesa kwenye kadi, hazikukatwa, nikazitumia kwa shughuli ya nyumbani. Machi 31 wakaja kukata, hawakukuta kitu, akaunti ikafungwa. Tena meseji ya benki husema tarehe 1 na risiti yao husema 31. Hawa wana kalenda yao?*

Waaleikum salaam mwanangu. Kalenda ni ile ile, ila wewe na wao mnaishika kwa mkono tofauti.

Wewe wa pwani utanielewa upesi. Chombo kikitia nanga, maji yakijaa kinasogea, yakipwa kinasogea, lakini hakitoki pale nanga ilipo. Mkataba wako umetia nanga kwenye tarehe 31. Februari haina 31, kwa hiyo mfumo ukasogea mpaka siku ya mwisho iliyopo, 28. Mwezi wenye 31 uliporudi, nao ukarudi. Stripe, kampuni inayoshughulikia malipo ya maelfu ya biashara za mtandaoni, inafanya hivyo hivyo: aliyeanza Januari 31 anakatwa Februari 28, au 29 mwaka ukiwa mrefu, kisha Machi 31, Aprili 30, Mei 31. Kumbukumbu ni ya siku uliyojiunga, haiangalii mara ya mwisho ulikatwa lini.

Mifumo mingine inaburuta nanga. Inaangalia malipo ya mwisho na kuongeza mwezi mmoja. Kwa mfumo wa namna hiyo, Januari 31 inaleta Februari 28, Februari 28 inaleta Machi 28, na hapo umekuwa mtu wa tarehe 28 milele, siku 3 zako zimekwenda na maji. Wewe ulidhani uko kwenye huu wa pili, na hilo si kosa lako. Hakuna aliyekuandikia uko kwenye upi.

Namna ya kujua ni kufungua ukurasa wa malipo kwenye akaunti yako utafute tarehe ya malipo yanayofuata. Itazame mwezi Machi mwanzoni, hapo ndipo mifumo hii miwili inapoachana. Na ningekuwa wewe, ningesitisha, ningojee kipindi kiishe, halafu nijiunge upya tarehe yoyote kuanzia 1 mpaka 28. Tarehe hizo zipo katika kila mwezi na hazimsumbui mtu.

Hilo la meseji ya tarehe 1: kompyuta za kampuni nyingi za nje zinahesabu siku kwa saa ya Greenwich. Sisi Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Wakikata saa 4 usiku ya kwao, tarehe bado ni 31. Kwako ni saa 7 usiku, umeshaingia tarehe 1. Watu wa pwani jambo hili si geni kwetu, maana kwa hesabu ya dini siku yaingia magharibi, na anayesema "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule ambao mwingine anauita Alhamisi usiku. Kwa kadi yako, maana yake ni moja: pesa iwepo tangu siku moja kabla.

Akaunti iliyofungwa isikutie hofu. Kadi ikikosa pesa, kwa kawaida mfumo hujaribu tena baada ya siku kadhaa, na picha hazifutwi siku hiyo hiyo. Weka pesa, ingia kwenye akaunti, bonyeza ulipe mwenyewe. Usifungue akaunti mpya, utajikuta unalipia mbili.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi Dortmund, Ujerumani. Aprili 2023 nilijiunga na ukumbi wa mazoezi kwa mkataba wa miezi 12, euro 29.90 kwa mwezi. Miezi 12 ikaisha, nikaacha kwenda, nikajua mkataba umejifia. Kumbe wameendelea kukata benki muda wote huu. Rafiki yangu ananiambia niwaambie benki wazirudishe pesa zote nami ninyamaze. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, pole na baridi.

Mkataba haukufa. Ile miezi 12 ilikuwa muda wa chini ambao ulifungwa usitoke. Ulipoisha, mkataba ukageuka kuwa wa muda usio na ukomo, ukaendelea kukatwa mwezi kwa mwezi. Ujerumani kwa mikataba iliyofungwa kuanzia Machi 1, 2022, sheria imesema wazi: kampuni hairuhusiwi tena kukufunga mwaka mwingine mzima kwa sababu tu ulisahau kuandika barua. Zamani ndivyo ilivyokuwa, na wengi walinaswa. Sasa mkataba ukijiendeleza, unajiendeleza bila ukomo, na wewe una haki ya kuuvunja wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Wa kwako ni wa 2023, kwa hiyo uko ndani ya sheria hii.

Hapa kuna saa mbili zinazotembea, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya ankara, inayopiga kila mwanzo wa kipindi. Ya pili ni ya notisi, nayo inaanza siku kampuni inapopokea barua yako. Hazianzi pamoja wala haziishi pamoja. Ukiwapelekea notisi na wakaipokea Juni 10, mwezi wako wa notisi unafika Julai 10. Kwa siku zile za Julai utadaiwa, na ni haki yao. Wakikuambia "tayari tumeshatoa ankara ya Julai nzima", au "subiri mwisho wa Agosti", waonyeshe sheria ya mwezi mmoja. Ankara iliyotolewa haiurefushi mkataba.

Kuandika barua si lazima. Tangu Julai 1, 2022, kampuni inayotoa mikataba ya aina hii kupitia tovuti yake inapaswa kuweka kitufe cha kuvunja mkataba mahali pa wazi, kimeandikwa "Verträge hier kündigen", yaani "vunja mikataba hapa", au maneno yaliyo wazi vile vile. Kibonyeze, jaza, na uthibitisho utakaokuja kwa barua pepe uuhifadhi. Huo uthibitisho ndio unaoonyesha saa ya notisi imeanza lini, kwa hiyo upige hata picha.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Ni kweli kwamba pesa iliyokatwa kwa idhini uliyotoa ya kukatwa benki, utaratibu wanaouita SEPA, unaweza kudai irudishwe ndani ya wiki 8 bila kutoa sababu, na benki itairudisha. Nakuomba usifanye. Haki hiyo inahusu njia ya malipo tu, deni haliligusi. Mkataba ungali hai, kampuni itakudai, deni litapelekwa kwa wakusanya madeni na gharama zao juu yake. Wewe ni mgeni wa nchi, jina lako kwenye orodha ya wadaiwa litakuja kukukwaza siku unatafuta nyumba ya kupanga. Itumie haki ile kwa jambo lake hasa: baada ya mkataba kuisha rasmi, wakikata tena hata mara moja, hapo nenda benki siku hiyo hiyo.

Zile pesa za miezi uliyokaa bila kwenda zimekwenda, mwanangu. Ukumbi ulikuwa wazi na ulikuwa na haki ya kuingia. Najua hilo linauma kulisikia, lakini ningekudanganya nikikuambia vingine. Notisi ipeleke leo, maana kila siku unayongoja nayo inaingia kwenye hesabu.

*

*Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mstaafu wa Kigamboni. Agosti nilinunua umeme mara ya mwisho nikaenda Newala kwenye korosho. Nimerudi Desemba, nyumba ilikuwa imefungwa, hata taa haikuwaka. Nimenunua umeme wa 10,000, uniti ni chache mno. Wameniambia nilikuwa na deni. Deni la nini na sikutumia umeme?*

Shikamoo mzee wangu.

Deni hilo si la umeme. Ni kodi ya jengo, inayokusanywa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Huu si mkataba uliousaini, lakini unakwenda kwa mwendo ule ule wa malipo yasiyo na ukomo: mwezi ukianza, 1,500 inaandikwa kwenye mita, uwe umenunua umeme au hukununua. Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba ni mara 4, jumla 6,000. Katika 10,000 yako ikabaki 4,000, na hiyo ndiyo iliyonunua umeme baada ya VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati).

Ukisafiri tena, kijana wako anunue umeme kidogo kila mwezi kwa namba ya mita. Kodi haitapungua hata senti, ila hutarudi ukakuta imerundikana. Kama nyumba umepanga, kodi hii ya jengo ni juu ya mwenye nyumba. Onyesha meseji za LUKU mkatane kwenye pango.

*

*Shikamoo mama. Nina mashine mbili za kufulia huku Malimbe, Mwanza, karibu na hosteli za wanafunzi. Nawafulia kwa mwezi, 30,000, kapu moja kila Jumamosi. Nina wateja 22. Shida yangu ni hesabu. Kila mmoja alianza tarehe yake, nimechanganyikiwa. Mmoja alianza tarehe 12, nimtoze kiasi gani ili wote tulipane tarehe 1? Mwezi wenye Jumamosi 5 wananigombeza, na likizo hawataki kulipa.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Wewe ndiye mtoza, na umeuliza kabla ya kutoza. Sikumbuki mara nyingi nikiulizwa hivyo.

Nianze na ulichouliza. Tuseme mwezi ni Juni: aliyeanza tarehe 12 akihamishiwa tarehe 1, unahesabu siku kuanzia ya 12 yenyewe mpaka ya 30, ni siku 19. Gawa 30,000 kwa siku 30 za Juni, upate 1,000 kwa siku, mara 19 ni 19,000. Mwezi wa siku 31 unagawa kwa 31. Siku ya kwanza lazima ihesabiwe, maana ndiyo siku aliyoanza. Makarani wengi wanatoa 12 kwenye 30 wanapata 18, na hapo hapo mtu amepewa siku ya bure au ameporwa, kutegemea nani anahesabu.

Lakini sasa itazame biashara yako vizuri. Juni 2025 Jumamosi zilizobaki kuanzia tarehe 12 zilikuwa 14, 21 na 28. Makapu 3. Ukigawa 30,000 kwa makapu 4, kila kapu ni 7,500, na makapu 3 ni 22,500. Kwa siku ulipata 19,000, kwa makapu 22,500. Ni mteja yule yule, nguo zile zile. Ndiyo maana unachanganyikiwa: unauza makapu na unatoza kwa siku. Kampuni ya intaneti inauza siku, maana mteja anaweza kuitumia saa yoyote. Wewe huuzi siku. Siku ya Jumatatu mteja wako hapokei kitu chochote kutoka kwako.

Mimi ningeliondoa neno "mwezi" kwenye biashara hii. Kipindi chako kiwe makapu 4, bei 30,000, basi. Mwaka una Jumamosi 52, kwa hiyo mwenye kufua bila kukosa atalipa mara 13. Utaniambia, mbona hayo ni yale ya Italia? Kule mtu aliambiwa ni bei ile ile, hakuonyeshwa kwamba kipimo kimepunguzwa. Wewe utamwandikia makapu 4, na atayahesabu kwa macho yake. Agosti 2025 ilikuwa na Jumamosi 5, tarehe 2, 9, 16, 23 na 30. Kwa hesabu ya makapu, ile ya 30 ni kapu la kwanza la kipindi kinachofuata, na hakuna wa kumgombeza mwenzake.

Likizo nayo inajijibu. Mwanafunzi akienda kwao akiwa ametumia makapu 2, yanabaki 2, yanamngoja. Mkataba haujavunjika, umesimama tu. Ila mwekee mpaka, kwa mfano asiporudi mpaka muhula mpya uishe, makapu yamekwisha. Mpaka huo mwambie siku anapojiunga, usimwambie siku anaporudi.

Kulipana wote tarehe 1 usikutamani. Kwenye kampuni yetu tarehe 1 ilikuwa siku ya foleni mpaka barabarani na makosa yalikuwa mengi kuliko siku zote. Wateja 22 wakilipa kwa Jumamosi tofauti, unapata watano sita kwa wiki, unawaandika kwa utulivu, na pesa ya sabuni na umeme inaingia kila wiki. Wanafunzi nao pesa zao haziji siku moja.

Sabuni ikipanda bei ukataka kwenda 32,000, aliyekwisha kulipia makapu 4 mmalizie kwa 30,000. Bei mpya ianze na kipindi kipya, na umwambie akiwa kwenye kapu la pili ili awe na nafasi ya kuamua.

Daftari lako lichore safu nne: kapu la kwanza, kapu la mwisho, amelipa lini, amelipa kiasi gani. Halafu kata kadi ngumu, moja kwa kila mteja. Aliyeanza Juni 14 kadi yake isome hivi: makapu 4, Juni 14, 21, 28 na Julai 5. Amelipa 30,000. Malipo yanayofuata kabla ya Julai 12. Kila unaporudisha nguo toboa tundu moja, na kadi uifunge kwenye mshikio wa kapu lake, aione kila Jumamosi anapokuja kuchukua.